Fimbo ya Kumlaza Bibi

Kiwandani walimwita Redio kwa sababu mdomo wake haukuwa na pumziko. Aliongea akifanya kazi, aliongea akila, na wenzake waliapa kwamba hata chooni alikuwa anasikika akijisimulia mambo. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono juu ya mapaja, na tangu asubuhi alikuwa amerudia sentensi moja tu.

"Andika nimewasha mimi, afande."

Inspekta hakuandika. Alikuwa mwanamke mnene, mchache wa maneno, na kituoni walimbandika jina la Bi Taratibu. Vijana wapya walilitamka kwa dhihaka mpaka siku walipopangiwa kufanya naye kazi.

"Umewasha nini?"

"Umeme."

"Kwa swichi ipi?"

Redio akageukia ukuta.

"Swichi kubwa ilikuwa imefungwa kwa kufuli la shemeji yako," alisema Inspekta. "Ufunguo tumeukuta mfukoni mwake, mochwari. Ulifunguaje?"

"Nilifungua tu."

"Ukawasha, ukamwua, ukazima, ukafunga tena, kisha ukamrudishia maiti ufunguo wake mfukoni?"

"Andika hivyo hivyo."

Sajini, aliyekuwa ameegemea mlango, alishindwa kujizuia. "Bwana wee, wenzako wakiletwa hapa wanaapa kwa roho za mama zao kwamba hata kiwanda hawakijui. Wewe unatusukumia kitanzi!"

Redio hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyesahau usingizi ni kitu gani.

Kesi yenyewe kwa macho ya wengi ilikuwa imekwisha. Marehemu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Fundi, alikuwa mume wa dada yake Redio. Alikutwa amekufa mbele ya mashine ya kutia sumaku, viganja vyote viwili vimeungua, na ndani ya chumba kile, mlango ukiwa umefungwa, alikuwemo Redio peke yake. Jioni ya kabla ya hapo majirani waliwasikia wakigombana kuhusu nani amchukue mama yake Redio aliyekuwa mgonjwa, na Redio akapiga kelele kwamba ipo siku atammaliza mtu. Juu ya yote, mjane mwenyewe alifika kituoni kanga haijamkaa vizuri mwilini, akasimama mbele ya kaunta, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Ndugu yangu wa tumbo moja ameniulia mume." Kesho asubuhi Redio angepelekwa kwa hakimu kwa kosa la mauaji, na mkuu wa kituo alikuwa ameshajipongeza.

Nje ya chumba, Sajini alifunga mlango. "Mtu amekiri, mkuu. Tunangoja nini tena?"

"Mtu aliyewasha umeme angejua aliuwasha vipi," alisema Inspekta. "Mpigie simu mhandisi wa ukaguzi wa viwanda. Mwambie atukute kiwandani."

* * *

Kiwanda kilitengeneza spika. Chumba cha sumaku kilikuwa mwisho wa korido, na ulipofungua mlango ilikuwa rangi mpya iliyokukaribisha. Ilikuwa kijani ya kuumiza macho: fremu ya mlango kijani, miguu ya meza kijani, ndoo ya mchanga kijani.

"Tulikuwa tunategemea wageni kutoka makao makuu," alieleza Meneja, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. "Niliagiza kila kitu kipakwe. Bahati mbaya msiba ukatangulia."

Mashine ilikuwa imesimama katikati ya chumba, kabati la chuma lenye tumbo wazi kwa mbele. Ndani yake kulikuwa na maboksi mawili ya bati, moja kushoto, jingine kulia, kila moja na kichwa cha shaba kimechomoza juu. Kando, kwenye msumari, ilining'inia fimbo ndefu ya mpini wa mbao, yenye ndoana ya shaba na waya mnene ulioshikizwa kwenye fremu ya mashine.

Sajini alisogea kuchungulia, akanyoosha mkono ajishikize kwenye boksi la kulia.

"Mkono!" Mhandisi alifoka kiasi kwamba Meneja aliruka. "Rudisha mkono wako!"

Sajini aliurudisha kama aliyeguswa na sufuria ya moto. "Si imezimwa? Umeme umekatwa tangu siku ile!"

"Swichi imezimwa. Hiki hakijazimwa." Mhandisi alikuwa mwembamba, mwenye mkoba wa vifaa na tabia ya kutogusa kitu kabla ya kukitazama pande zote. Alivaa glovu, akatoa mita, akagusisha ncha zake kwenye boksi la kushoto, mshale haukusogea, kisha kwenye la kulia. Mshale ulipanda. Sajini aliuona, akarudi hatua moja nyuma.

"Siku zote hizi tumekuwa tunazunguka humu," alinong'ona. "Juzi nilitaka kuweka chai yangu hapo juu."

"Hebu tueleze," alisema Inspekta. "Polepole, na usitufanye wanafunzi wako."

"Hii ni kapasita. Ndani ya kila boksi kuna mabamba ya chuma, yamepangwa yakitazamana, karibu sana, lakini hayagusani. Mashine inapochajiwa, bamba moja linajazwa umeme wa aina moja, la pili wa aina ya pili. Yanavutana, yanatamani kukutana, na hayawezi. Ule mvutano wote unakaa pale katikati, kwenye nafasi kati ya bamba na bamba. Wataalamu wanaita uga wa umeme. Nishati imekaa humo, si kwenye waya wala kwenye swichi. Ukitaka kutia chuma cha spika sumaku, unaiachilia yote kwa mkupuo. Na ukizima swichi bila kuiachilia, inabaki pale pale, inasubiri njia."

"Na mtu akigusa?"

"Mtu ndiye njia. La kushoto lilijimwaga kupitia Fundi; hili la kulia bado limejaa."

Meneja alikohoa. "Lakini siku ile mashine ilikuwa imewekwa nusu. Nusu tu ya volti. Mnaweza kuangalia kitufe chake cha kupangia volti."

"Nusu ya volti ni robo ya nishati," alisema Mhandisi, bila kumgeukia. "Robo ya hii ni nyingi mno kwa moyo wa mtu."

"Kwa hiyo hakuna aliyewasha kitu," alisema Inspekta.

"Haikuhitajika. Fundi alizima, akafunga, akaweka ufunguo mfukoni, akafanya kila alichofundishwa. Mauti yalikuwa yameshaingia ndani kabla hajafunga."

Sajini alitoa pumzi ndefu. "Basi ile 'nimewasha mimi' ni uongo mtupu."

Inspekta alikuwa anamtazama Meneja. "Nimefanya kazi kwenye nyumba nyingi zenye mashine. Siamini mtu ametengeneza kitu cha namna hii bila kukiwekea njia ya kujimwaga."

"Ipo," alisema Mhandisi. Alielekeza tochi nyuma ya maboksi, kwenye kipande cha udongo kilichopasuka na kuwa cheusi. "Hiki kilitakiwa kuvujisha chaji yote taratibu kila mashine inapozimwa. Kimeungua. Si cha wiki hii, vumbi limeshalala ndani ya ufa."

"Tuliagiza kingine," alisema Meneja.

"Sijauliza kama mliagiza. Kiliungua lini?"

"Mafundi walikuwa na fimbo ya kumwagia chaji, Inspekta. Walikuwa wanaitumia vizuri tu. Kazi ingesimama..."

"Sajini, hilo liandike," alisema Inspekta. "Na mwenyewe usimruhusu kuondoka."

Mhandisi aliichukua fimbo kutoka kwenye msumari, akaukagua waya wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, akawaomba wote warudi nyuma. Aliinyoosha, ndoana ya shaba ikakaribia kichwa cha boksi la kulia. Ulitoka mlio wa ghafla, mkavu, na mwanga wa buluu ukapiga kuta zote za kijani. Mtu mmoja kwenye korido aliita jina la Mungu.

"Fimbo ni nzima, inafanya kazi," alisema Mhandisi.

"Basi Fundi hakuitumia," alisema Sajini. "Alisahau. Binadamu husahau."

Lilikuwa jibu zuri, na Inspekta alitamani liwe la kweli. Lakini alikuwa na picha mkononi, zile zilizopigwa na askari wa kwanza kufika, na katika picha fimbo ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake, imetulia. Msumari ulikuwa upande wa pili wa maiti. Kama Fundi alisahau kuichukua, sawa. Kama aliitumia, basi kuna mtu aliyeirudisha.

Alitoka kwenda koridoni kumtafuta aliyeliita jina la Mungu.

Alikuwa mama wa kufungasha, aliyekaa chumba cha jirani siku zote akitia spika kwenye maboksi. Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao tupu. Alikuwa bado ameshika kifua.

"Samahani, afande. Bibi amenishtua. Siku zote hizi tulikuwa hatujamsikia."

"Bibi?"

"Hiyo mashine. Sisi tunaiita Bibi. Halali mpaka abembelezwe kwa fimbo, na akilala lazima apige kelele. Pa! Tukisikia, tunasema haya, Bibi kalala, mafundi wanaweza kuingiza mikono."

"Siku ya msiba ulisikia?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Afande, ule mlio hauzoeleki. Siku ile haukuwepo. Nilimsikia Fundi akicheka, akasema, 'Makubwa! Leo Bibi kalala mwenyewe.' Akasema anakaza nati moja tu, watoke wakale. Halafu nikasikia kitu kizito kimeanguka."

"Redio akafanya nini?"

"Akaita shemeji, shemeji, shemeji. Akawa anahema sana, kama mtu anayetwanga. Kisha akanyamaza." Mama aliangusha sauti. "Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Redio, kunyamaza! Nikasikia kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anakwaruza sufuria. Ndipo akafungua mlango akaita watu."

"Mbona hukuwaambia askari?"

"Waliniuliza kama nilimwona aliyewasha umeme. Sikumwona."

Inspekta alimshukuru, akarudi chumbani, akaiomba ile fimbo. Aliipeleka dirishani. Mpini ulikuwa wa kijani kibichi, umepakwa na mtu mwenye mkono mzuri, hakuna tone lililochuruzika. Ndoana ilikuwa inang'aa. Ilikuwa inang'aa kupita kiasi, na ukiisogeza kwenye mwanga ungeona michirizi midogo midogo imekwenda upande mmoja.

"Naomba kitu cha ncha kali."

Sajini alimpa sindano ya kubania karatasi. Inspekta aliipenyeza kwenye mfereji mwembamba pale nati ilipokutana na ndoana, akaivuta taratibu. Kipande kidogo cha rangi kilidondoka kwenye karatasi nyeupe. Kilikuwa kijani.

Mhandisi aliinama, akakitazama kwa muda. Aliponyooka, alikuwa amevua miwani.

"Waliipaka hadi ndoana," alisema.

"Ingezuia?"

"Shaba ya ndoana, shaba ya kichwa cha boksi, na katikati rangi kavu. Vyuma viwili vinatazamana, havigusani. Inspekta, hiyo ni kapasita nyingine. Aligusa, akadhani amegusa. Hakukuwa na njia, kwa hiyo hakukuwa na cheche. Na hawa watu wamezoea kwamba bila cheche hakuna chaji."

"Akaona Bibi kalala mwenyewe."

"Akaingiza mikono."

Sajini alikuwa amekunja uso. "Sasa Redio aliikwaruza ya nini? Hiyo rangi ndiyo ingemwokoa yeye. Angetuonyesha tu, akaenda zake nyumbani."

Inspekta aliifunga fimbo kwenye mfuko wa ushahidi, akamgeukia Meneja, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo ya mchanga na shati lake limeanza kulegea.

"Rangi hapa ni kazi ya nani?"

"Ya idara ya fremu. Mama mmoja, ana mkono safi sana, nilimpa chumba hiki kwa sababu..." Aliwatazama mmoja mmoja, akionekana kufikia kitu ambacho hakukitaka. "Nilimpa kwa sababu ndipo anapofanya kazi mumewe."



* * *

Kituoni, Inspekta alifungua bahasha ya vitu vya Redio: mkanda, kitambaa, vocha ya simu, na kipande cha msasa kilichokunjwa mara nne. Hakuna aliyekitilia maanani siku alipokamatwa, kwa kuwa fundi bila msasa ni fundi gani. Aliukunjua. Mikunjo yake ilikuwa imejaa rangi ya kijani.

Aliuweka mezani mbele ya Redio, akavuta kiti.

Redio aliutazama.

"Uliona saa ngapi kwamba ndoana ina rangi?"

"Afande, andika nimewasha mimi."

"Sitaandika. Hakuna aliyewasha. Nimeshajua jinsi alivyokufa, na nimeshajua nani alipaka. Nataka nisikie kwako, ili nisije nikakosea."

Basi Redio akafunguka, na yalipotoka yalitoka yote. "Nilimbonyeza kifua, afande. Nilimpulizia. Nilimbonyeza mpaka mikono ikafa ganzi, na yeye ananiangalia tu. Nikajiuliza, huyu mtu ameigusa mashine kwa fimbo, nimemwona kwa macho yangu, imekuwaje? Nikaiokota. Nikaiona. Nikajua ni mkono wa nani, kwa sababu asubuhi dada alinitania, akasema, 'Mwambie shemeji yako nimemrembea fimbo yake, wageni wasije wakaona mume wangu anatumia takataka.' Alikuwa anacheka, afande. Alikuwa na furaha."

"Ukakwaruza."

"Ningefanya nini? Nimwache aje aione?"

"Dada yako anasema wewe ni muuaji. Anasema mbele ya watu. Mama yenu amesikia."

"Acha aseme. Akinichukia mimi ataishi. Watu wanaishi na chuki, mbona wengi tu." Aliinama mbele, akaukamata ukingo wa meza. "Nakuomba, mama yangu. Andika fimbo iliharibika. Usiseme rangi. Nifungeni miaka mnayotaka."

Inspekta aliukunja tena ule msasa. Kazini alikuwa amesikia watu wakiomba mengi, lakini wengi waliomba kutoka.

"Meneja wako ndiye atakayeshtakiwa," alisema mwishowe. "Aliacha mashine bila njia ya kujimwaga, na aliagiza kila kitu kipakwe. Atapata wakili. Wakili atauliza fimbo iliharibikaje, na atamwita dada yako asimame mbele ya mahakama iliyojaa watu, amwulize yeye. Unataka asikie huko?"

Redio alilaza paji la uso juu ya meza. Alilia kwa sauti, bila aibu, na Sajini alitoka nje akidai anakwenda kutafuta maji.

* * *

Mjane alikuwa kwenye kaunta. Alikuwa anakuja kila siku, si kumletea ndugu yake kitu, bali kuhakikisha bado yumo ndani. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani.

"Kesho anapelekwa, si ndiyo?"

"Njoo ndani, dada," alisema Inspekta.

"Nijibu hapa hapa. Niwe na amani."

"Njoo ukae."

Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Inspekta alifunga mlango. Aliwahi kuwapa watu habari za vifo mara nyingi mno, na kwa vifo kulikuwa na maneno yaliyozoeleka. Kwa hili ilimbidi ayatafute mwenyewe.

"Kesho hapelekwi. Ndugu yako hakumwua mumeo."

Mjane akasimama. "Amewapa maneno! Nilijua. Yule anaweza kumwuzia mtu kivuli chake mwenyewe."

"Hakutupa maneno. Alitubembeleza tumfunge."

Hilo lilimchanganya. Alikaa tena, polepole. "Kwa nini afanye hivyo?"

"Mashine ilikuwa na chaji imebaki ndani. Kifaa cha kuimwaga kiliungua zamani, na wakubwa walijua. Mumeo aliigusa kwa fimbo, kama kawaida yake. Hakuzembea, dada. Alifanya kila kitu sawasawa. Lakini fimbo haikufanya kazi."

"Ile fimbo haijawahi kukataa."

"Siku ile ndoana yake ilikuwa na rangi. Rangi inazuia umeme kupita. Ndugu yako aliikwaruza baadaye, isije ikaonekana."

Inspekta alitaka kuongeza kwamba hakuna sheria itakayomgusa, kwamba hakuna aliyemwambia ndoana isipakwe, kwamba anayestahili kulala ndani ni mwingine. Yote yalikuwa kweli, na alikuwa ameyaandaa njiani akirudi kutoka kiwandani. Mjane alimzuia kwa kuinua kiganja kidogo tu, kama mtu anayeomba nafasi ya kukumbuka kitu.

Huko mahabusu Redio alikuwa bado analia, na sasa sauti yake ilikuwa inafika mpaka pale. Dada yake aliisikiliza. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, yamekazwa kwenye meza.

"Nilipaka mara mbili," alisema. "Ya kwanza, shaba ilikuwa bado inaonekana."